Uanagenzi: jinsi nakshi za milango zinavyorithishwa

Uanagenzi ni kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya jicho la fundi, tena kazi ya kweli ambayo mteja anaisubiri. Anayejifunza ni mwanagenzi. Tuutazame kwa wachonga milango wa Lamu na Unguja.

Mwanagenzi huanza na kunoa, si kuchora. Patasi hunolewa kwa pembe ya takriban digrii 25, kisha hujaribiwa kwa kukatisha nyuzi za ubao laini. Mkato uking'aa, ipo tayari. Nyuzi zikisagika, inarudi kwenye jiwe. Patasi butu huhitaji nguvu, na ikisukumwa kwa nguvu huteleza ikaharibu ua lililokwisha chongwa, au ikaingia kiganjani.

Mti hufuata. Mvule au msaji hukaushwa kivulini karibu mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ubao ukichongwa mbichi, hupinda na kupasuka mlango ukiwa umeshatundikwa.

Kwa kuchonga, afadhali mwanagenzi aanze na nakshi ya mnyororo inayozunguka fremu: umbo ni lile lile, basi mkono hurudia mpaka uzoee. Mfaa, yaani mti wa wima wa katikati ya mlango, na kizingiti cha juu huachwa mwisho, kwani ndivyo vinavyotazamwa kwanza. Mstari hukatwa wima kwa kina cha milimita 3 hivi, mti wa pembeni hushushwa mpaka hapo, ndipo hukatwa tena. Mwenye haraka hupiga nyundo mpaka milimita 10 kwa mara moja. Patasi ni kabari, husukuma mti pande zote mbili, na petali nyembamba hung'oka.

Kosa gumu zaidi ni kukata dhidi ya nyuzi: kibanzi huinuka na kuvuka mstari. Kuzunguka duara moja tu, mwelekeo salama hubadilika mara nne. Fundi husikia mkwaruzo kabla kibanzi hakijainuka, akasema, "Geuza!" Sikio hilo ndilo urithi wenyewe, na halipatikani kwenye mchoro wa karatasi.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Ni ulinzi muhimu, lakini mlango uliohifadhiwa hauonyeshi ni mkato upi ulitangulia. Mkataba wa UNESCO wa 2003 ndio uliotambua ufundi wenyewe, pamoja na kuurithisha, kuwa jambo la kulindwa.

Siku hizi mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta hufanya vizuri zaidi kazi ya kurudiarudia, yaani ule mnyororo wa fremu ambao mwanagenzi angeanzia. Karakana inayonunua mashine na bado inataka mafundi wa kesho iitumie kupasua na kusawazisha mbao, na fremu imwachie mwanagenzi, hata kama mlango utachelewa wiki kadhaa. Mteja aelezwe hivyo tangu siku ya kupatana bei.