Protini si matofali ya mwili tu

Majuzi pale Mikindani nilimsikia mama akimhimiza mwanawe: "Kula dagaa, protini inajenga mwili." Kweli kabisa. Tatizo ni kwamba wengi wetu tuliishia hapo shuleni, tukabaki tukidhani protini ni matofali na basi.

Kumbe ndizo pia zinazoamua seli igawanyike lini. Mwaka 1982, mwanasayansi Mwingereza Tim Hunt alikuwa Marekani akichunguza mayai ya yule kiumbe wa baharini mwenye miiba (kwa Kiingereza "sea urchin") anayetuchoma miguu maji yakipwa. Akaona protini moja ikiongezeka polepole, kisha ikitoweka ghafla kila seli inapogawanyika. Ikaitwa saiklini, na mwaka 2001 yeye na wenzake wawili wakapata Tuzo ya Nobel.

Saiklini hushikana na kimeng'enya kiitwacho CDK, yaani protini inayoisukuma seli igawanyike. Fikiria ngalawa iliyokaa mchangani: ipo muda wote, ila haiendi popote mpaka maji yajae. CDK ndiyo ngalawa, saiklini ndiyo maji. Kazi ikiisha saiklini huvunjwavunjwa, maji yanapwa.

Breki nazo zipo. Protini ya p53 husimamisha mgawanyiko DNA ikiharibika, ili irekebishwe kwanza. Ikishindikana, seli inajiua. Katika takriban nusu ya saratani za binadamu, jeni ya p53 ina hitilafu.

Wala usidhani ukila dagaa zaidi breki zitakaza. Protini ya chakula husagwa kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, kisha seli inajitengenezea zake kwa maelekezo ya jeni.