Wasafiri wa Zama za Malkia Victoria Katika Nchi za Kiarabu: Yanayodhaniwa na Yaliyokuwa

Wengi huamini kwamba msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeingia Makka mwaka 1853 akiwa amejigeuza Mwislamu wa mbali, ndiye Mzungu wa kwanza kuuona mji huo. Sivyo. Mwitaliano Ludovico di Varthema aliufikia mwaka 1503, Mwingereza Joseph Pitts alichapisha habari za hija yake mwaka 1704, na Mswisi Johann Ludwig Burckhardt aliingia mwaka 1814. Wala Burton hakufanikiwa kwa werevu wake peke yake, kwa kuwa Haji Wali, mfanyabiashara Mwislamu aliyekutana naye Misri, ndiye aliyemshauri aache kujifanya Mwajemi, asije akachukiwa huko Hijazi, na badala yake ajitambulishe kuwa Mpathani, yaani mtu wa kabila la upande wa Afghanistan. Ni Burton huyuhuyu aliyetia nanga Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, na safari yake ya bara nayo ilimtegemea sana Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyekuwa mkalimani na msaidizi wa msafara.

Dhana iliyoleta madhara makubwa zaidi inahusu harimu, yaani sehemu ya nyumba iliyotengwa kwa wanawake. Wachoraji na waandishi wa Ulaya waliionyesha kama mahali pa anasa na uvivu, ilhali wengi wao, wakiwa wanaume wageni, hawakuruhusiwa hata kuvuka kizingiti chake, kwa hiyo walichokiandika kilikuwa uvumi au ndoto zao wenyewe. Mwanazuoni Mwingereza Edward Lane, aliyeijua Cairo kwa undani na kuvaa kama wenyeji, alikiri upungufu huo kwa vitendo: dada yake, Sophia Lane Poole, alihamia huko mwaka 1842, akaingia katika nyumba ambazo kaka yake asingeweza kuingia, na akaandika juu ya jamaa, watoto, wageni na adabu za kukaribishana. Jambo lingine ambalo wasomaji wa Ulaya walilisahau ni kwamba mwanamke Mwislamu alimiliki mali yake hata baada ya kuolewa, wakati Uingereza ilisubiri sheria za mwaka 1870 na 1882 kumpa mke haki ya namna hiyo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, ambaye yeye Salme alizaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kuolewa na Mjerumani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na ndani yake aliwapinga waziwazi Wazungu waliotoa hukumu juu ya wanawake wa Mashariki baada ya ziara fupi. Kwa maoni yangu, ushahidi wake una uzito kuliko wa msafiri yeyote, kwani yeye alilelewa humo.

Si kweli pia kwamba kila msafiri alilazimika kujificha. Mwingereza Charles Doughty alizunguka Uarabuni kati ya mwaka 1876 na 1878 akijulikana wazi kuwa Mkristo. Alitishwa na kuporwa, lakini pia alilishwa na kulindwa na Mabedui waliokuwa na chakula kidogo mno.

Na hawakuwa wapita njia wote. Mwandishi Mwingereza Lucie Duff Gordon, aliyekwenda Misri mwaka 1862 kwa sababu ya kifua kikuu, aliishi Luxor kwa miaka kadhaa, akafundishwa Kiarabu na Sheikh Yusuf na kuwatibu majirani zake. Wakati Ulaya ikimsifu mtawala Ismail kwa maendeleo, barua zake zilieleza jinsi wakulima walivyokamuliwa kodi na kuchukuliwa kwa nguvu kufanya kazi bila ujira.