Hojaji ya unyogovu Lamu: kabla hujaishangilia alfa

Ripoti nyingi za afya ya akili zina sentensi moja iliyozoeleka: alfa ya Cronbach ilikuwa 0.84, kwa hiyo kipimo ni halali na thabiti. Alfa, tangu Lee Cronbach alipoiandikia makala mwaka 1951, huangalia jambo moja tu, nalo ni kama maswali yanakwenda pamoja. Anayejipa alama za juu kwenye hili, je, hujipa za juu kwenye lile? Maswali tisa yakieleweka vibaya kwa namna moja, yatakwenda pamoja vizuri mno na alfa itapanda.

Tena alfa hupandishwa na wingi wa maswali. Maswali 9 yenye uhusiano wa wastani kati yao wa 0.30 (0 ni hakuna, 1 ni kamili) hutoa alfa ya takriban 0.79. Maswali 20 yenye uhusiano wa 0.15, yanayojuana kwa mbali tu, hutoa 0.78. Ndiyo maana mpaka wa 0.70 unaonukuliwa kila mahali hauniridhishi peke yake. Nataka kuona pia uhusiano wa kila swali na jumla ya mengine. Lililo chini ya 0.30 nalirudia kulisoma, na lenye alama ya kutoa mara nyingi ni swali la kinyume ambalo mtu alisahau kuligeuza alama.

Nitatumia PHQ-9, hojaji ya unyogovu, kama mfano kwa sababu ndiyo inayotumika sana: ilichapishwa 2001, ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na 10 ndiyo mpaka wa kawaida wa kumpeleka mtu kwa mtaalamu.

Tafsiri kwanza. Wafasiri wawili, kila mmoja peke yake. Mwingine asiyeijua hojaji ya asili airudishe Kiingereza. Kisha kikao cha kulinganisha. Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Chukua jibu la alama 2, «zaidi ya nusu ya siku». Likirudishwa Kiingereza linatoka safi kabisa. Mpe mzee wa mtaa wa Langoni, Lamu, naye ataelewa tangu alfajiri hadi baada ya adhuhuri, yaani zaidi ya nusu ya mchana. Anachagua 2 kwa jambo lililomtokea mara moja. Kosa hilo likirudiwa kwenye maswali yote tisa, alfa haitalalamika. Mimi huandika «zaidi ya siku 7 kati ya hizi 14», na kwa asiyesoma huweka punje 14 za kunde kwenye sinia, azitenge mwenyewe.

Makosa ya namna hiyo hunaswa kwa mahojiano ya uelewa. Nachukua watu 8 hadi 12 kwa kila kundi la lugha. Kiamu cha mjini na Shela si Kibajuni cha Faza na Kizingitini, na Mpeketoni wengi nyumbani huzungumza Gikuyu. Mtu akishajibu, mhoji humuuliza: «Mzee wangu, swali hili ungemweleza mjukuu wako vipi? Ulihesabu siku zipi ukapata jibu hilo?» Usimuulize «Umeelewa?» Atasema ndiyo, kwa adabu tu. Ukibadilisha maneno, yapeleke kwa watu wapya. Wale wa kwanza wameshafundishwa. Raundi mbili ni lazima, ya tatu si anasa.

Humu pia hujitokeza maswali yanayopima maisha badala ya ugonjwa. Mvuvi wa usiku atakuambia usingizi ni wa shida karibu kila siku, na ni kweli. Muulize kama hulala vibaya hata anapopata nafasi ya kulala. Hamu ya kula mwezi wa Ramadhani ni balaa jingine. Bora usikusanye data kabisa kipindi hicho.

Maswali ya kukana ni tatizo la aina yake. Skeli ya kujithamini ya Rosenberg ya 1965 ina maswali 10, nusu yao yamegeuzwa. Kwetu, ukimwambia mtu «huna la kujivunia» naye akajibu «ndiyo», huenda anakubali kuwa hana, huenda anakupinga kuwa analo. Soma kauli nzima ndani ya jibu: «nakubali kwamba sina».

Halafu kuna mahali pa kuhojia. Hojaji ya kujijazia ikisomwa kwa sauti si hojaji ile ile tena. Kwenye daka, baraza la mlangoni, kila apitaye akisalimia, alama hushuka. Na anayejibu huku mama mkwe yuko chumba cha pili atasema alhamdulillahi kwa kila swali. Chagua njia moja, kusoma au kujijazia, uishikilie kwa wote. Na swali la tisa, linalogusa kutaka kufa, usilifikishe kwa mtu yeyote kabla hujajua siku hiyo hiyo utampeleka kwa nani.

Kuhusu kurudia kipimo kwa watu wale wale, ili kuona kama alama hazihami: watu wasipungue 50, na utumie koefisienti ya makubaliano ndani ya kundi (ICC), si ya Pearson, inayoangalia tu kama alama hupanda na kushuka pamoja. Watu wote wakishuka alama 3, Pearson atakupa 1.00 huku kipimo kimehama. Na kweli mara nyingi hushuka mara ya pili, pengine kwa sababu wamegundua kuwa kila «ndiyo» huzaa swali jingine. Muda nao uwe siku 14 au 15. Ukirudi baada ya siku 7, mvuvi uliyemkuta kwenye bamvua utamkuta kwenye maji mafu: saa za kwenda baharini zimebadilika, usingizi umebadilika, pengine na kipato. Wiki mbili humrudisha kwenye maji yale yale. Epuka pia wiki ya Maulidi, mji unapofurika wageni.

Uchanganuzi wa faktori, unaoonyesha maswali yapi yanajikusanya pamoja, sitaukalia sana: watu 10 kwa kila swali, nami sishuki chini ya 200, tumia uhusiano wa polikoriki (ule wa majibu ya ngazi) kwa kuwa majibu ni ya ngazi nne tu, kisha pima kama muundo ni ule ule mjini na Mpeketoni kabla ya kulinganisha wastani wa sehemu hizo mbili.

Uhalali wenyewe, yaani kama hojaji inanasa unyogovu kweli, unataka kipimo cha nje. Daktari au mwanasaikolojia amhoji mtu bila kujua alama zake, ikiwezekana siku ile ile, na awahoji wenye alama za chini pia. Tuseme hojaji inanasa 80 kati ya wagonjwa 100, na inawaachilia 85 kati ya wazima 100. Kwenye watu 1,000, wagonjwa wakiwa asilimia 10, utanasa 80 kwa haki na wazima 135 kwa makosa. Kati ya hao 215, wagonjwa ni asilimia 37. Kwa hiyo aliyepata 10 umwite «anayehitaji kuchunguzwa», usimwandikie unyogovu kwenye faili.

Mwisho ni kosa la kipimo, yaani kiasi alama ya mtu inavyoweza kuyumba kwa bahati tu, ambalo ripoti nyingi haziliandiki. Mkengeuko sanifu (jinsi alama za watu zinavyotawanyika) ukiwa 5 na uthabiti 0.80, kosa ni 5 mara kipeuo cha pili cha 0.20, yaani takriban 2.2. Aliyepata 12 anaweza kuwa popote kati ya 8 na 16. Kwa mabadiliko ya mtu mmoja kati ya vipimo viwili, tofauti inapaswa kuvuka 6 ndipo uiamini. Mgonjwa aliyetoka 14 akafika 10 baada ya mwezi wa ushauri nasaha huenda amepata nafuu, lakini hojaji haijakuonyesha hilo bado.