Simu moja, kadi 40

Mwalimu akiuliza "Mmeelewa?", darasa zima huitikia "Ndiyooo!", naye hajajua lolote. Programu ya Plickers humpa jibu la kila mwanafunzi kwa simujanja moja tu, ya mwalimu. Wanafunzi hushika kadi za karatasi.

Kila kadi ina namba yake na mchoro wake wa vijimraba vyeusi. Herufi A, B, C na D ziko kwenye pande nne, ndogo mno hata jirani hawezi kuchungulia. Anayechagua B huigeuza kadi ili B ikae juu. Mwalimu hupitisha kamera taratibu, na simu husoma kadi nyingi kwa mkupuo.

Seti ya kawaida ina kadi 40, ile kubwa 63. Darasa likizidi hapo, gawa kadi moja kwa kila dawati. Chapa kwenye karatasi ngumu isiyong'aa. Plastiki ya juu hurudisha mwanga na kamera ikashindwa kusoma. Kadi nyingine zikigoma, tazama vidole: mara nyingi vimeziba mchoro. Kadi ishikwe pembeni. Wanaokaa na dirisha nyuma yao nao husumbua, kwa hiyo sogea upande mwingine.

Hayo ni maandalizi. Kazi yenyewe ni swali. Mfano: globu mbili zinazofanana zimeungwa kwa mfululizo kwenye betri, ipi inawaka zaidi? A, ya kwanza. B, ya pili. C, sawasawa. D, hakuna inayowaka. Wengi huchagua A, wakidhani globu ya kwanza "hula" umeme. Jibu ni C, kwa sababu mkondo wa umeme ni uleule sakiti nzima.

Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza mwaka 1991 mbinu ya wanafunzi kupiga kura na kujadiliana wao kwa wao, anashauri hivi: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya, wakizidi 70, eleza kidogo uendelee. Katikati ya hapo, kila mmoja amshawishi jirani yake kwa dakika mbili tatu, kisha wapige kura tena. Usionyeshe matokeo ya kura ya kwanza, maana watakimbilia jibu lenye wengi na mjadala utakufa.

Majibu potofu ya kuweka kwenye swali usiyatunge kichwani. Yachukue kwenye madaftari unayosahihisha.