Vitabu vya watoto mikononi mwa watu wazima: dhana na ukweli

Dhana: Ngano za kale zilitungwa kwa ajili ya watoto.

Ndugu Jacob na Wilhelm Grimm walipotoa juzuu ya kwanza ya ngano zao mwaka 1812, kitabu hakikuwa na picha, na kilibeba maelezo ya kitaalamu. Jina lake lilitaja watoto, ni kweli, ila liliitaja na nyumba nzima. Humo Rapunzel anashangaa mbona nguo zimeanza kumbana, na msomaji mzima anang'amua papo hapo kuwa binti ana mimba. Anayemwonea wivu Snow White ni mama yake mzazi. Mama wa kambo aliingizwa katika toleo la 1819. Malalamiko yalikuja, Wilhelm akawa anapunguza hapa na kupamba pale, hadi mwaka 1825 zikachaguliwa ngano 50 na kutiwa picha. Hapo ndipo watoto walipopata kitabu chao. Ajabu ni kwamba kilichofutwa ni mimba. Malkia wa ngano ya Snow White kuchezeshwa ngoma ndani ya viatu vya chuma cha moto mpaka afe, hilo halikumkera mtu.

Gulliver, msafiri wa hadithini, naye aliwafikia watoto kwa mkasi. Jonathan Swift alimtunga mwaka 1726 ili kuwakejeli wanasiasa na binadamu kwa jumla. Matoleo ya watoto mara nyingi huishia kwa safari zake za nchi ya vijitu na ya majitu, na kile kisa cha kuzima moto wa ikulu kwa mkojo huyeyuka.

Dhana: Mtu mzima anayesoma kitabu cha watoto anakwepa vitabu vizito.

Mwaka 1998 kampuni ya uchapishaji ya Bloomsbury ilitoa Harry Potter kwa jalada la watu wazima. Ndani, hadithi ilikuwa ile ile. Kilichofunikwa ni aibu ya msomaji mbele ya abiria wenzake, basi. Na mwandishi Mwingereza Philip Pullman alipotwaa tuzo kuu ya fasihi ya Whitbread ya 2001 kwa kitabu cha watoto, alivishinda vya watu wazima.

Dhana: Umri ulioandikwa kwenye jalada umepimwa.

Umri huo zaidi humsaidia muuzaji, na shangazi anayetafuta zawadi. Wachapishaji wa Uingereza walipotaka kuuchapa kwenye majalada mwaka 2008, waandishi wengi walipinga, Pullman akiwa mstari wa mbele. Mimi niko upande wao: mtoto wa miaka 11 anayesoma polepole hatathubutu kushika mbele ya wenzake kitabu kilichoandikwa "miaka 7".

Dhana: Mwandishi mwenyewe hujua anamwandikia nani.

Antoine de Saint-Exupéry, katika kitabu chake cha 1943 kuhusu mwanamfalme mdogo, alikitabaruku kwa rafiki yake Léon Werth, kisha akawaomba watoto radhi kwa kumpa mtu mzima. Akatoa sababu zake, akaona hazitoshi, akasahihisha: kwa Léon Werth alipokuwa mtoto.