Je, wajua? Breki za kaboni hazisimamishi gari mapema kuliko za chuma

Kwa miaka mingi nimewadanganya watu bila kujua. Kila nilipoona kwenye simu picha ya Porsche yenye kalipa (vibanio vya breki vinavyoonekana nyuma ya rimu) za njano, nilieleza kwa kujiamini kwamba hizo ni breki za kaboni na seramiki, na kwamba gari lenye breki hizo husimama palepale kama punda aliyegoma. Aliyenikamata ni fundi mmoja wa gereji ya Mwanga, hapa Kigoma, ambaye hajawahi kufungua hata breki moja ya kaboni. Aliniuliza tu: "Hizi za chuma ukizikanyaga mpaka mwisho, tairi zinajifunga au hazijifungi?" Zinajifunga. "Sasa unataka zijifunge mara mbili?"

Breki huzuia gurudumu tu. Gari linazuiwa na lami, kupitia tairi. Nenda Kibirizi asubuhi, utazame mtumbwi uliofungwa kwenye kigingi mchangani. Wimbi likivuta kwa nguvu, kigingi kinang'oka. Weka kamba nene mara tatu: kitang'oka vilevile, maana mchanga ni uleule. Breki ndiyo kamba, tairi ndilo kigingi. Gari la spoti lenye breki nzima za chuma tayari lina kamba iliyoshinda kigingi, ndiyo maana lina ABS, inayolegeza breki na kuikaza tena mara nyingi kwa sekunde ili tairi lisijifunge. ABS ikishaanza kutetemesha pedeli, ujue breki imekwisha toa zaidi ya kile ambacho tairi linaweza kupokea. Anayetaka kusimama mapema anunue matairi. Hata Noah ya abiria yenye tairi vipara haiokolewi na breki mpya.

Wapo wanaosema wameona gari la kaboni likisimama mapema kidogo kuliko la chuma. Inawezekana. Lakini magari hayo mara nyingi huja na matairi bora pia, na hapo ni vigumu kujua sifa ni ya nani.

Sasa fedha yote hiyo inanunua nini? Inanunua uvumilivu wa joto. Mwendo haupotei hewani, breki inaugeuza kuwa moto. Gari la kilo 1,500 likitoka kilomita 100 kwa saa hadi sifuri, joto linalozalishwa lingechemsha karibu lita 1.8 za maji ya nyuzijoto 25. Hiyo ni birika ya chai ya familia. Likitoka kilomita 200, ni birika nne, si mbili, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili nishati huzidi mara nne.

Birika moja diski ya chuma, ile sahani inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi, inaimeza bila shida. Shida ni birika ya ishirini, kwenye uwanja wa mashindano, au kwenye lori lenye mzigo linaloteremka kutoka Manyovu huku dereva amesahau gia ndogo. Chukua ndoo yenye tundu chini. Kila unapokanyaga breki unamwagia ndani kopo moja la maji. Tundu ni upepo unaopoza. Kina cha maji ndicho joto la diski. Ukimwaga haraka kuliko tundu linavyotoa, ndoo inafurika: pedi zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yanaweza kuchemka. DOT 4, aina moja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 230, ila ikishanyonya unyevu kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Ikichemka, mpira wa breki unajaa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu unafika sakafuni, gari linaendelea na safari zake.

Hapa nilikosea mara ya pili. Nilidhani diski ya kaboni ni ndoo kubwa zaidi. Kumbe ni ndoo nyembamba lakini ndefu sana. Uzito wake ni karibu nusu ya ule wa chuma, kwa hiyo maji yanapanda upesi na diski inapata moto zaidi, si pungufu. Ila ukingo uko mbali, na maji yakipanda juu ndivyo yanavyochuruzika kwa kasi kwenye tundu: kitu cha moto sana hutoa joto haraka. Bila shaka pedi na mafuta navyo lazima viwe vya kuhimili hali hiyo.

Utengenezaji wake ni wa taratibu na wa gharama. Silikoni iliyoyeyuka, yenye joto linalopita nyuzijoto 1,400, hunyonywa na diski ya nyuzi za kaboni na kugeuka silikoni kabidi, kitu kilekile kigumu kilichomo kwenye msasa na mawe ya kunolea. Porsche walizileta sokoni mwaka 2001 kwenye 911 GT2. Leo kuziongeza kwenye 911 mpya ni zaidi ya dola 8,000. Kwa hela hiyo unapata bajaji na chenji inabaki.

Faida nyingine ni za kila siku: gurudumu jepesi hufuata mashimo ya barabara vizuri zaidi, diski haipati kutu ikinyeshewa, rimu hazijai vumbi jeusi. Barabarani zinaweza kudumu miaka mingi. Uwanjani, kaboni inayopata moto mkali huliwa na oksijeni, na kubadilisha seti ni maumivu. Matokeo yake, wengi wanaokimbiza magari yao wenyewe wikiendi huchagua chuma, na breki yenye jina la mashindano inabaki kwa anayekwenda dukani. Mimi ningechukua chuma, na tofauti ningeipeleka kwenye matairi.

Diski ya chuma hupimwa unene. Ya kaboni hupungua uzito kabla hujaona imepungua unene, kwa hiyo huchapwa uzito wa chini unaoruhusiwa, na fundi huivua na kuipima kwa mizani. Nilipomweleza fundi wangu hilo, alifikiri kidogo. Mizani ya dagaa ipo, akasema, kilichokosekana ni gari.