Plastiki sajari siyo jina lingine la kuongeza makalio

Kila akitokea mtu maarufu kabadilika shepu, watu wanasema "huyo kafanya plastiki sajari". Sawa. Halafu anatokea mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura, kashonwa vizuri, anacheka kama watoto wengine, na watu walewale wanasema "alifanyiwa operesheni". Hapo ndipo ninapochoka, maana yule mtoto ndiye kafanyiwa plastiki sajari hasa kwa maana yake kamili, na yule wa shepu kafanya kitawi kimoja tu cha hiyo fani, na mara nyingine hata hicho kitawi hajakigusa, kachomwa sindano akarudi kwake.

Maana yenyewe nitaipitia haraka kwa sababu haina ugumu. Upasuaji plastiki, ndiyo hiyo plastiki sajari, ni fani ya udaktari ya kutengeneza upya au kubadilisha umbo la sehemu ya mwili: ngozi, mafuta, misuli, mifupa ya uso, vidole, matiti. Ina pande mbili. Kuna kurekebisha, yaani kitu kimeharibiwa na moto, ajali, kansa, au umezaliwa nacho hivyo. Na kuna urembo, yaani kitu ni kizima na kinafanya kazi yake ila mwenyewe hukipendi. Basi, hiyo ndiyo maana.

Na wale wa "ameweka plastiki mwilini" nao niwajibu hapahapa. Jina halihusiani na plastiki ya ndoo, limetoka kwenye Kigiriki, kwenye kufinyanga na kutia umbo. Mjerumani Eduard Zeis alitoa kitabu kizima cha upasuaji plastiki mwaka 1838, wakati Bakelite, plastiki ya kwanza kutengenezwa kwa kemikali tupu, ilikuja 1907. Hesabu ya miaka inatosha, tusonge.

Sasa kinachoniudhi chenyewe. Hii fani haikuanzia kwenye urembo, ilianzia kwenye pua zilizokatwa. India ya kale mtu aliweza kukatwa pua kama adhabu, na maandiko ya tiba ya Sushruta, mganga wa kale wa huko, yanaeleza namna ya kumtengenezea nyingine kwa ngozi yake mwenyewe. Baadaye wakawa wanatumia ngozi ya paji la uso, na habari za hiyo kazi zikachapishwa London mwaka 1794, daktari mmoja wa huko Joseph Carpue akaijaribu 1814 ikakubali. Inafanyika hivi: wanachora umbo la pua kwenye paji la uso, wanaikata ile ngozi kuzunguka lakini wanaiacha imeshikilia kwa chini, karibu na nyusi, ili damu iendelee kuifikia. Kisha wanaigeuza, wanaishusha, wanaishona pale pua ilipokuwa. Mgonjwa anakaa kama wiki tatu na ukanda wa ngozi umejisokota katikati ya macho yake, anakula hivyo, analala hivyo, mpaka ile pua mpya ianze kupata damu ya kwake kutoka chini, ndipo wanaukata ule ukanda. Siyo hadithi za kale tu, hata leo mtu akiliwa pua na kansa ya ngozi anaweza kufanyiwa kitu karibu kilekile.

Vita ya kwanza ya dunia ikaja, watu wanarudi hawana taya, hawana midomo, na daktari mpasuaji Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, akapewa hospitali nzima kule Sidcup, Uingereza, mwaka 1917, kwa ajili ya nyuso tu. Zaidi ya wanajeshi 5,000 walipita pale na operesheni zilizidi 11,000, kwa sababu uso mmoja ulikuwa unarudiwa mara nyingi. Na kuna moja napenda kuwauliza watu: figo ya kwanza kupandikizwa kwa binadamu ikafanikiwa, Boston mwaka 1954, aliyeipandikiza alikuwa daktari wa fani gani? Upasuaji plastiki. Anaitwa Joseph Murray, na alianza kujiuliza kwa nini mwili unakataa kiungo cha mtu mwingine pale alipokuwa anawawekea ngozi wanajeshi walioungua vita vya pili. Alipata tuzo ya Nobel 1990. Hiyo ndiyo fani ambayo jina lake tumelibana mpaka limebaki la hipsi.

Utasema hayo ni maneno tu, inamdhuru nani? Inamdhuru anayefikiria kwenda kufanya ya urembo, kwa sababu akishachanganya hizi pande mbili anachanganya na mzani wa kupimia.

Chukua titi la silikoni. Mwanamke aliyeondolewa titi kwa kansa anawekewa, na mwanamke mwenye matiti mazima anayeyataka makubwa zaidi naye anawekewa. Kifaa kinaweza kuwa kilekile, mkono wa daktari uleule, kitanda kilekile. Lakini yule wa kwanza upande mmoja wa mzani anaweka hatari za operesheni na upande wa pili anaweka kitu alichopoteza. Yule wa pili anaulaza mezani mwili usio na ugonjwa, kwa hiyo kikiharibika kitu, kimeharibika ambacho hakikuwa kibovu. Sisemi asifanye! Mwili wake, pesa yake, na kuna watu wamefanya wameridhika miaka na miaka. Ninachosema ni kwamba akiambiwa "hatari ni ndogo" inabidi aulize ndogo ukilinganisha na nini, maana kwa mgonjwa unalinganisha na kubaki na ugonjwa, ila kwako unalinganisha na kukaa nyumbani bila kitu chochote kukupata.

Mpaka kati ya kurekebisha na urembo pia siyo ukuta, tuseme ukweli. Kuna mwenye matiti makubwa mpaka mgongo unamuuma na mikanda ya sidiria imemchimba mabega, akipunguziwa ni urembo au matibabu? Kope zilizoshuka mpaka mtu haoni vizuri je? Pua iliyovunjika ikapinda, mtu hapumui upande mmoja? Hapo katikati kuna ubishi na hata bima wanabishana nao. Ila ubishi wa katikati haufuti tofauti ya huku na kule.

Na jambo la pili linaloletwa na huu mchanganyiko ni la nani anakukata. Mtu akisikia "daktari wa urembo" anadhani ni yuleyule daktari bingwa wa upasuaji plastiki. Siyo lazima. Ubingwa wa upasuaji plastiki ni miaka mingi ya mafunzo baada ya kumaliza udaktari wa kawaida, miaka ya kushona walioungua na kuunganisha vidole usiku wa manane. Ila "daktari wa urembo" katika nchi nyingi ni jina tu, daktari yeyote mwenye leseni anaweza kujipachika baada ya kozi fupi. Australia walihangaika nalo mpaka wakabadilisha sheria, tangu 2023 daktari haruhusiwi kujiita mpasuaji kama hana ubingwa unaotambulika kwa hiyo kazi. Kwa hiyo usiulize "ni daktari?", uliza ubingwa wake ni wa nini, nani kamsajili, ukamtafute kwenye daftari la baraza la madaktari la nchi anayofanyia kazi, siyo kwenye picha zake za kabla na baada. Uliza nani atakupa nusu kaputi na atakuwepo chumbani muda wote au anazunguka vyumba vitatu. Uliza ukizidiwa saa nane usiku unapelekwa hospitali gani. Akikasirika kwa maswali hayo ushapata jibu.

Haya, hayo makalio yenyewe, maana najua ndiyo mnayoyasubiri. Mafuta yananyonywa tumboni au mgongoni, yanasafishwa, yanaingizwa nyuma kwa mrija wa chuma. Inaonekana kitu chepesi, mafuta yako mwenyewe, hakuna kigeni. Shida ni kwamba chini ya mafuta ya makalio kuna msuli, na ndani na chini ya huo msuli kuna mishipa mikubwa ya damu inayorudi moyoni. Mrija ukizama ukatoboa mshipa, mafuta yanaingia kwenye damu, yanafika moyoni, yanaziba mapafu, na mtu anaweza kufia palepale mezani. Mwaka 2017 madaktari wa upasuaji plastiki wenyewe walitoa makadirio ya kifo kimoja kwa kila operesheni 3,000 hivi, na kwa operesheni ya urembo hiyo ni namba ya kutisha, ndiyo maana maelekezo yakabadilika kwamba mafuta yasiingie kabisa kwenye msuli, yabaki juu yake chini ya ngozi, na sasa wapo wanaoutazama mrija kwa ultrasaundi muda wote wa kuingiza. Swali la kumuuliza daktari hapo linajulikana: unaweka wapi, na unajuaje mrija wako uko wapi?

Matiti ya silikoni nayo yapo tangu 1962, na bado watu wanadhani ukiweka umemaliza. Hayajatengenezwa yakae maisha yote. Mwili unajenga gamba la kovu kuyazunguka, na kwa wengine lile gamba linabana mpaka titi linakuwa gumu na kuuma, au kifaa kinapasuka kimyakimya bila wewe kujua. Ukiweka una miaka 25 hesabu kabisa kwamba kuna operesheni nyingine mbele, na gharama yake. Kampuni ya PIP ya Ufaransa ilikuja kugundulika 2010 kwamba ilikuwa inatia silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa mwili wa mtu, na mwaka 2019 aina moja yenye uso wa kukwaruza ikaondolewa sokoni duniani kwa kuhusishwa na kansa adimu ya kinga za mwili. Kwa hiyo omba kadi ya kifaa chako, jina na namba yake, uitunze.

Kunyonya mafuta siyo kupunguza uzito, ni kuchonga sehemu, na mwili ukinenepa tena mafuta yanatafuta pengine pa kukaa. Ngozi iliyolegea haijirudishi kwa kunyonywa.

Sigara, shisha, na hivi vya kuvuta vya umeme, vyote vyenye nikotini, wanakwambia uache angalau wiki nne kabla na wiki kadhaa baada, na wengi wanafikiri ni mawaidha ya afya ya kawaida. Hapana. Nikotini inabana mishipa midogo, na ngozi iliyoinuliwa na kuvutwa inaishi kwa hiyo mishipa midogo, ikikosa damu inakuwa nyeusi na kufa kwenye mshono. Usimdanganye daktari hapa. Dawa unazotumia pia zitaje zote, na za mitishamba, kwa sababu kuna zinazofanya damu isigande. Na kama ngozi yako ikikatwa kidogo tu inaota kovu linalovimba na kupita mipaka ya kidonda, jambo linalotokea zaidi kwa wenye ngozi nyeusi, mwonyeshe hilo kovu mapema kabla hajakuchora kalamu, maana unaweza ukapata umbo ulilolitaka na kovu usilolitaka.

Uvumilivu nao uwe nao. Pua inaweza kuchukua mwaka mzima mpaka uvimbe wote uishe, sasa mtu wiki ya pili yuko kwenye kioo analia.

Sindano nazo. Zile za kulegeza mikunjo ya uso siyo upasuaji, zinaisha kwa miezi mitatu minne. Za kujaza midomo na mashavu nazo siyo upasuaji, lakini siyo mchezo wa saluni, zikiingia kwenye mshipa wa damu ngozi inaweza kufa, na kuna watu wamepofuka macho. Anayekuchoma awe anajua mishipa ya uso na awe na dawa ya kuyeyusha pale alipo.

Na kuna kitu ambacho daktari mzuri atakuuliza na utajisikia vibaya: kwa nini sasa? Umeachwa juzi? Kuna mtu anakusema? Kuna ugonjwa wa akili kabisa ambapo mtu anaona kasoro kubwa kwenye mwili wake ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo mno, anaifikiria mchana kutwa, na huyo ukimfanyia operesheni kumi bado hatulii, anahamia sehemu nyingine. Daktari akikukatalia kwa hilo hajakudharau.

Sasa jamani, siku nyingine mtu akibadilika shepu semeni kafanya upasuaji wa urembo, ni plastiki sajari ndiyo, ila upande wake mmoja. Kama ni sindano semeni sindano. Na kama hamjui kafanya nini, semeni kabadilika, inatosha.